Fundi wa Ilimba Aingiapo Darasani

Desturi iliyozoeleka katika shule zetu nyingi za msingi ni kumwita mpigaji wa ngoma au wa marimba siku ya wageni. Hufika asubuhi, hupiga wakati mgeni rasmi anaposhuka garini, hupewa chai na nauli, kisha huenda zake. Watoto humwona kwa mbali. Sisi twashikilia kwamba mtu huyo yafaa aitwe siku nyingine kabisa, isiyo na mgeni rasmi wala turubai, apewe darasa la tano na vipindi sita au vinane, awafundishe watoto kutengeneza chombo kwa mikono yao kabla ya kukipiga. Twashikilia pia, na hapa ndipo baadhi ya wenzetu wanapotofautiana nasi, kwamba katika vipindi hivyo mwalimu wa darasa hana ruhusa ya kwenda ofisini kusahihisha madaftari.

Tuchukue mfano wa ilimba ya Wagogo wa Dodoma, ambayo watu wengi huiita marimba tu. Nje ya Ugogo ilimba ilipata kusikika mbali kwa mikono ya marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, ambaye pamoja na kuipiga katika nchi nyingi alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Ilimba za mabingwa huwa na ndimi nyingi. Ya mtoto yaweza kuwa na ndimi tano au sita, na kazi yake haipungui kwa sababu hiyo.

Vifaa vyake havihitaji fungu la fedha. Chatakiwa kisanduku cha mbao nyepesi, kilicho wazi ndani na chenye tundu upande wa juu. Ndimi hufuliwa kutokana na misumari mirefu au njiti za mwavuli uliochakaa. Chini ya ndimi hupita daraja, na nyuma yake hupita kijiti au chuma kingine kilichokazwa kwa waya ili kuzikandamiza. Tundu hufunikwa kwa utando mwembamba unaotokana na mfuko wa mayai ya buibui. Mtoto akiuliza utando huo una kazi gani, fundi mwema hajibu kwa maneno: huubandua, humwambia apige, huurudisha, humwambia apige tena. Mvumo ule unaorudi pamoja na utando ndio jibu. Tumewahi kumsikia mwalimu akiuita mvumo huo kelele na kushauri uondolewe. Kwa Wagogo wenyewe ilimba isiyovuma ni sawa na mchuzi usiotiwa chumvi, na mwenye chombo ndiye ajuaye chumvi yake.

Kazi ya kufua misumari isiachiwe wavulana peke yao. Ikiwa mtu atadai kwamba mila haziruhusu, akumbushwe kwamba ngoma ya muheme ya Wagogo hao hao hupigwa na wanawake. La muhimu ni kwamba watoto wasisongamane kwenye nyundo. Kwa darasa la watoto sitini, makundi kumi yenye ilimba moja kila kundi ni afadhali kuliko ilimba sitini zisizokamilika.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Ulimi mrefu hutoa sauti ya chini na mfupi hutoa sauti ya juu; hilo kila mtoto hulitambua katika dakika ya kwanza. Lakini ufupishwe kiasi gani ili sauti ipande oktava moja, yaani ifikie sauti ile ile ya juu yake? Mwalimu awaulize watoto kabla fundi hajagusa chombo. Wengi watajibu kwamba ukatwe nusu, na jibu hilo lingekuwa sahihi kwa uzi wa zeze. Kwa ulimi wa chuma si sahihi. Ulimi uliojitokeza sentimita 6 mbele ya daraja hupanda oktava moja ukisukumwa ndani hadi kubaki sentimita 4 na robo hivi. Ukifikishwa sentimita 3 utakuwa umepanda oktava mbili. Fundi hulijua hilo kwa vidole, bila hesabu yoyote. Husukuma kidogo, husikiliza, husukuma tena. Mwalimu aliyekaa pale na rula mkononi apata somo la hisabati na la sayansi ambalo hakuna kitabu cha kiada kinachoweza kulileta kwa uhai huo. Mwalimu aliyekwenda ofisini hupata habari kwamba watoto wamefurahi.

Latokea jambo jingine lenye uzito zaidi. Walimu wengi wa muziki katika nchi yetu tumefunzwa kwa kwaya na kinanda, na masikio yetu yamezoea ngazi ya do-re-mi. Fundi akimaliza kuzipatanisha ndimi zake, mmoja wetu huinuka na kusema kwa upole kwamba sauti moja imekwenda kombo. Yafaa mwanachuo ajue kwamba haikwenda kombo. Mtaalamu Gerhard Kubik wa Austria, aliyechunguza kwa miaka mingi muziki wa Afrika, alieleza kwamba sauti za Wagogo zafuata mpango wa sauti zinazopatikana katika uzi mmoja unapogawanyika katika sehemu sawa, kuanzia sehemu nne hadi tisa. Kwa lugha ya kwaya twapata do, mi, so, ta, kisha do ya juu na re yake. Fa haimo, wala la. Na ile ta ya Wagogo, itokanayo na sehemu ya saba, iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu thuluthi moja ya nusu toni. Kinanda hakina kibonyezo chake. Kumwambia fundi airekebishe ilingane na kinanda ni kumtaka avunje kipimo kilicho timamu ili kuridhisha kipimo kingine, tena mbele ya watoto, ambao watajifunza papo hapo kwamba babu zao hawakuwa na masikio.

Hatusemi do-re-mi itupwe. Kwaya za shule zaihitaji, nasi tunaifundisha chuoni. Twasema kwamba vipimo ni viwili, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuvisikia vyote viwili akipewa nafasi. Zoezi ni jepesi: mtoto mmoja aimbe ta ya kwaya, mwingine apige ta ya ilimba, darasa liseme ipi iko juu.

Wapo watakaouliza faida ya haya yote iwapo muziki hautahiniwi katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Wenye swali hilo twawaomba warudie Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, hasa mahali Mwalimu Nyerere anapoikosoa shule inayowafanya vijana waamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni au kwa waliosoma. Mzee wa ilimba ni maarifa yasiyo kitabuni, yaliyokaa mbele yetu kwenye kigoda. Basi watoto wamwite Mwalimu, kwa maana ndiyo kazi anayoifanya. Kamati ya shule ikubaliane naye ujira kabla hajaanza, wala asilipwe kwa makofi. Majina ya sehemu za chombo yaandikwe ubaoni kwa lugha yake kama atakavyoyatamka, na Kiswahili kiandikwe pembeni.

Tena ilimba zilizotengenezwa zisipakwe rangi na kutundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Tumeona maonyesho ya namna hiyo: vyombo vyapendeza machoni, lakini ukishusha kimoja na kukibofya, ndimi zote zalia namna moja kwa kuwa hakuna aliyezipatanisha. Chombo kisichopatanishwa kirudishwe kwa kundi lake, kifunguliwe waya, kianzwe upya, hata kama siku ya wazazi ni kesho.

Mgeni ataondoka. Wiki mbili au tatu baadaye waya utakuwa umelegea, ubao utakuwa umesinyaa kwa jua, na ndimi zitakuwa zimesogea kwa kubofywa na vidole vingi. Kundi moja litakuja kwa mwalimu likilalamika kwamba ilimba yao imeharibika. Haikuharibika. Mwalimu atapaswa kukaza waya, kuurudisha ulimi ndani kwa unene wa ukucha, na kama sauti imepanda mno na ulimi hauvutiki tena, kubandika chembe ya nta kwenye ncha yake ili ishuke. Kisha awape wao ulimi wa pili wajaribu.