Kodi ya Elfu Kumi Si Elfu Kumi

Kuna ujumbe naupata karibu kila wiki kutoka kwa vijana wenzangu walio Nairobi: "Huku kumekuwa kugumu, nataka kurudi Mombasa. Nyumba huko ni pesa ngapi?" Kila nikijibu nakumbuka makosa niliyoyafanya mwenyewe. Leo acha niyaandike hapa mara moja, nisiwe narudia.

Mimi nilihama na mke wangu na mtoto mmoja. Nairobi tulikuwa Umoja, chumba kimoja cha kulala na sebule, kodi 15,000, maji yako ndani ya kodi. Nikaona tangazo la nyumba kama hiyo hiyo Bamburi, 10,000. Hesabu yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili: kumi na tano toa kumi, nabakisha elfu tano kila mwezi, elfu sitini kwa mwaka. Nikamwambia mke wangu tufunge mizigo. Yeye aliniuliza swali moja tu: na maji je? Nikamjibu Mombasa imezungukwa na maji. (Hilo jibu ananikumbusha mpaka leo.)

Sasa tazama mwezi ulivyokuwa. Maji ya bomba la ploti yalikuwa ya kisima, ya chumvi, sabuni haitoi povu, chai ukipika unaisikia chumvi. Hayo tulilipa 500 kwa mwezi. Ya kunywa na kupikia tukanunua kwa mkokoteni, mitungi mitatu ya lita 20 kwa siku, 30 kila mtungi. Piga hesabu ya siku thelathini: 2,700. Stima Umoja tulikuwa tunatumia kama 1,000. Bamburi feni hailali, mtoto akikosa upepo haturuhusu tulale, ikafika 2,400. Nauli ya matatu kuingia mjini na kurudi, 180 kwa siku, siku 26 za kazi, ni 4,680. Takataka na mlinzi, 500. Jumla na kodi: 20,780.

Umoja je? Kodi 15,000, stima 1,000, takataka 200, nauli 160 kwa siku ambayo kwa mwezi ni 4,160. Jumla 20,360.

Yaani nilihama kilomita karibu 500 kutafuta unafuu, nikaongeza matumizi kwa shilingi 420. Na mshahara wa huku ulikuwa chini kwa 6,000. Hapo sijaweka gharama za kuhama zenyewe. Lori nilipata kwa 12,000, na hiyo ilikuwa bahati, manake malori mengi hupeleka mizigo ya bandari bara na kurudi Mombasa matupu, kwa hivyo dereva anakubali bei ya chini. Anayehama kutoka huku kwenda Nairobi asitarajie hivyo. Dipoziti ya Umoja ilikuwa 15,000, nikarudishiwa 8,000, nyingine nikaambiwa ni ya rangi. Rangi ya 7,000 kwenye nyumba niliyoipata na rangi ikiwa inabanduka!

Sisemi Mombasa ni ghali. Kodi ya huku kweli iko chini, ukilinganisha nyumba kwa nyumba. Ninachosema ni kwamba tangazo linakuonyesha kipande kimoja tu cha gharama, na hapa Pwani vipande viwili vikubwa vimefichwa nyuma yake, maji na stima.

Maji kwanza. Kaunti ya Mombasa haina mto wake wa kutegemea. Maji matamu yanatoka nje: Mzima kule Taita Taveta, zaidi ya kilomita 200, Baricho iko Kilifi, Marere na Tiwi ziko Kwale. Kwa hivyo kuna mitaa inapata maji ya kaunti kwa zamu na mingine inaishi kwa kisima na mkokoteni. Nyumba mbili za kodi sawa, barabara moja katikati, zinaweza kutofautiana kwa elfu mbili tatu kila mwezi kwa ajili ya bomba tu.

Stima nayo ina mtego ambao wengi hatuujui. Bei ya Kenya Power kwa nyumba ina kiwango cha chini kwa anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi, ukizidi unapanda. Sasa ploti ikiwa na mita moja kubwa ya wapangaji kumi, hata wewe mwenye balbu mbili unahesabiwa pamoja na wenye friji. Kiwango cha chini hamkioni nyote. Halafu mwenye nyumba anakuwekea mita yake ndogo na anakuuzia uniti kwa bei anayoitaka. Uliza: tokeni nanunua mwenyewe, au nanunua kwa keateka?

Nilikaa Bamburi miezi mitano. Wa tano ukaja ujumbe wa simu, mstari mmoja: kuanzia mwezi ujao kodi ni 11,500. Hakuna salamu, hakuna sababu. Nikakimbilia kwa rafiki mwanasheria nikidhani sheria itanisimamia. Akanifungulia Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Ni sheria nzuri kweli, kwa mpangaji anayehusika nayo: mwenye nyumba hapandishi kodi anavyotaka, wala hakutoi nje bila amri ya baraza la kodi. Lakini inawahusu wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi.

Elfu mbili na mia tano. Nitajieni nyumba ya familia yenye choo ndani, mjini Mombasa, kwa hiyo pesa. Kiwango hicho kimeachwa hapo miongo mingi huku kila kitu kikipanda, na leo karibu sisi sote tuko nje ya ulinzi wake. Tuliobaki tunategemea mkataba, na kama huna mkataba wa maandishi unalipa mwezi kwa mwezi, notisi ya mwezi mmoja inatosha kukuondoa.

Hili ndilo linaloniuma. Katiba, Kifungu cha 43, inataja haki ya nyumba inayofaa na ya maji safi ya kutosha. Kwenye payslip tunakatwa 1.5% ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu zitakazokuja. Mpangaji wa leo, aliye ndani ya nyumba leo, sheria yake imekwama kwenye 2,500, na wabunge wetu wa Pwani sijasikia wakilipigia kelele. Wakija kuomba kura waulizwe hilo kabla hawajagawa leso.

Mimi nilihama tena. Safari hii nilichukua nyumba Majengo, 13,000, na jamaa wakanicheka, ati unakimbia 11,500 unakwenda 13,000? Maji ya kaunti yanakuja siku nyingi na kuna tangi, nalipa kama 800. Tokeni nanunua mwenyewe, 1,800. Takataka 200. Kazini naenda kwa miguu dakika ishirini. Jumla 15,800. Nyumba ya kodi kubwa imenipunguzia karibu elfu tano kwa mwezi, zile zile elfu tano nilizozifuata Bamburi. Na safari hii niliandikishana: kodi haipandi kabla ya mwaka, dipoziti inarudi ndani ya siku kumi na nne, na picha za kuta nilizipiga siku ya kuingia mbele ya keateka.

Kama uko mbali, usitume pesa kwa ajenti kwa picha. Muombe ndugu au rafiki aende, aende jioni, aongee na mpangaji wa mlango wa pili na sio keateka. Aonje maji. Aulize nauli mvua ikinyesha ni ngapi.

Kuna rafiki yangu wa Eastleigh, kazi ilikatika na ana watoto watatu, alikuwa ameshafunga mizigo aje Mikindani kwa 9,000. Nikamwambia subiri, nitakwenda kutazama. Nilikwenda Jumamosi. Nikafungua bomba, likapuliza upepo. Keateka akasema maji huja usiku. Nikamuuliza, usiku wa siku gani? Akacheka. Rafiki yangu bado anatafuta, na mimi Jumamosi hii nina nyingine mbili za kumtazamia, Tudor na Changamwe.