Wino wa Kujaza Upya si Wino Bandia

Kuna neno ambalo limeanza kutumiwa ovyo katika maduka yetu ya vifaa vya kompyuta, na hata katika afisi za wahasibu wa shule. Neno hilo ni bandia. Mwalimu aendapo kununua katriji ya wino ya kichapishi chake cha nyumbani, huulizwa iwapo anataka halisi au bandia. Ndani ya kapu hilo la pili hutiwa vitu vitatu visivyo na udugu wowote: katriji iliyoghushiwa na kubandikwa nembo isiyo yake, katriji iliyoundwa na kampuni nyingine ambayo imeandika jina lake waziwazi kwenye pakiti, na katriji ya mwalimu mwenyewe, aliyoinunua kwa fedha zake, ikaisha wino, naye akaijaza tena kwa bomba la sindano.

Huenda msomaji akadhani kwamba huu ni ubishi wa wanaisimu, watu wasiokuwa na kazi ila kupekua maneno. La hasha. Neno hili likitumiwa vibaya, anayelipa ni mwalimu na mzazi.

Hebu tuitazame hesabu yenyewe. Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, wazazi wamelalamikia gharama ya kuchapisha picha na kazi za wanafunzi. Walimu nao huchapisha majaribio nyumbani usiku, mara nyingi kwa kichapishi kidogo cha bei nafuu. Chukua katriji nyeusi ya HP nambari 123, ambayo imeuzwa sana katika masoko ya Afrika. Kampuni yenyewe huikadiria kuchapisha kurasa 120 hivi. Darasa la wanafunzi 50 likipewa jaribio la kurasa mbili, hizo ni kurasa 100. Kwa maneno mengine, katriji nzima haitoshi majaribio mawili! Linganisha na chupa ya wino mweusi ya Epson nambari 664, yenye mililita 70 tu, ambayo kampuni hiyo huikadiria kutoa kurasa 4,000 katika vichapishi vyake vyenye tangi. Wino kwa hakika si kitu adimu. Kinachofanyika ni kwamba mashine huuzwa kwa bei ya chini ili faida ipatikane baadaye, katika kila katriji ambayo mwenye mashine atalazimika kuinunua.

Si ajabu basi kwamba watu huijaza katriji. Babu zetu walijaza koroboi mafuta ya taa kutoka duka lolote lililokuwa karibu, wala hakuna aliyesema kwamba koroboi hiyo imekuwa bandia. Neno hili asili yake ni mwanasesere, yule mtoto wa bandia anayebebwa mgongoni na msichana. Ni kitu kilichofanyizwa kifanane na kingine na kishike nafasi yake. Ghushi nalo, tulilolipata kutoka Kiarabu, hubeba maana ya udanganyifu. Maneno haya mawili yanamhitaji mtu anayedanganywa. Je, mwalimu anayeijaza katriji yake sebuleni anamdanganya nani?

Sheria yetu imewahi kujikwaa papo hapo. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008 ililieleza neno hilo kwa upana uliowatia hofu watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kwa kuwa dawa za jeneriki, yaani zile zinazotengenezwa na kampuni nyingine kwa viambato vilevile, zingeweza kuhesabiwa kuwa ghushi. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akakubaliana nao kwamba maelezo hayo yalihatarisha haki yao ya kupata dawa, na hivyo haki yao ya kuishi. Simaanishi kwamba wino ni sawa na dawa. Ninachosema ni kwamba kosa ni lilelile, la kukiita kitu mbadala kwa jina la kitu cha ulaghai, na kwamba mahakama zetu zimekwisha kuliona.

Kampuni za vichapishi zina njia nyingine ya kulishadidia kosa hili, nayo ni chipu iliyobandikwa kwenye katriji. Mnamo Septemba 2016, baadhi ya vichapishi vya HP vilianza kuzikataa katriji za kampuni nyingine, ingawa siku iliyotangulia zilikuwa zikifanya kazi vyema. Programu ya mashine ndiyo iliyoamua. Wateja walilalamika, kampuni ikaomba radhi kwa kutowaeleza mapema, na mwaka wa 2018 ikakubali kulipa dola milioni 1.5 ili kuimaliza kesi iliyokuwa imefunguliwa Marekani. Huambiwa kwamba chipu hizo zinalinda ubora. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui wangesema nini juu ya kizuri kinachomfungia mnunuzi mlango ili asiende duka la pili.

Tena chipu yenyewe si shahidi wa kuaminika. Mapema mwaka wa 2022, vipuri vya elektroniki vilipoadimika duniani, Canon ililazimika kuuza katriji za baadhi ya mashine zake za afisini bila chipu, kisha ikawaeleza wateja wake nchini Ujerumani namna ya kulipuuza onyo ambalo mashine ingetoa. Katriji halisi kabisa zikawa zinashukiwa na mashine za mzazi yuleyule.

Kuhusu haki ya mnunuzi, uamuzi uliofafanua jambo hili vizuri ulitolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwezi wa Mei 2017, katika kesi kati ya Lexmark na kampuni ndogo iliyokuwa ikiuza katriji za unga zilizojazwa upya. Mahakama iliamua kwamba mwenye hataza akishauza kitu chake, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha. Jaji Mkuu John Roberts alitoa mfano wa karakana inayotengeneza na kuuza magari yaliyotumika: biashara hiyo ingekwama iwapo kila aliyeunda kipuri angeweza kumfuata mwenye karakana. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, lakini hoja yake inaeleweka hata Gikomba.

Kuna watakaouliza, mbona basi mitungi ya gesi haijazwi na kila mtu? Jibu liko wazi kwa yeyote anayekumbuka msiba wa Embakasi wa Februari 2024. Gesi ikijazwa kiholela huua. Wino ukijazwa vibaya huchafua vidole.

Wala sisemi kwamba kila wino unafaa. Wapo wachuuzi wanaomimina wino wowote mweusi katika katriji yoyote, na hapa walimu hawana budi kuwa macho. Wino mweusi wa katriji nyingi za HP una chembe za rangi zinazoshika karatasi na kustahimili maji. Ukitiwa badala yake ule wa rangi iliyoyeyushwa, tone moja la mvua latosha kuifuta ripoti ya mwanafunzi. Aidha, katriji ya namna hii ina kichwa cha kuchapishia ndani yake, na wino unaopita ndio unaokipoza. Anayengoja hadi ikauke kabisa ndipo aijaze, huenda kichwa kikawa kimeungua. Kwa upande mwingine, kichwa kikiharibika, hutupwa pamoja na katriji. Katika vichapishi vya Epson kichwa kimo ndani ya mashine yenyewe, na wino mbaya ukiziba matundu yake hasara ni kubwa zaidi. Mwenye Epson na achague wino kwa uangalifu kuliko mwenye HP.

La kufurahisha ni kwamba Epson ilianza kuuza vichapishi vyenye tangi la kujazwa kwa chupa nchini Indonesia mwaka wa 2010, katika soko ambalo watu walikuwa tayari wamezoea kuunganisha matangi yao wenyewe kwa mipira. Lililoitwa hila likawa bidhaa ya kampuni!

Bodi za shule zinapoagiza vifaa mwaka huu, zingefanya vyema kuyaacha maneno "katriji halisi pekee" katika hati zao za zabuni. Na iandikwe: katriji mpya au iliyojazwa upya, jina la aliyeijaza likiwa wazi, aina ya wino ikitajwa, na idadi ya kurasa ambazo muuzaji yuko tayari kuzidhamini.