Utalii si wa Wazungu

Likizo ya Juni ikikaribia, kauli ileile husikika kwenye daladala, maofisini na vibarazani: "Mbugani nikafanye nini, kwani mimi mzungu?" Anayeisema hana shaka nayo hata chembe, na wanaomsikia huitikia. Mwingine ataongeza kwamba simba anaonekana bure kwenye televisheni. Wa tatu atakokotoa hela ya matembezi ingenunua mifuko mingapi ya saruji. Mazungumzo yanaishia hapo. Watoto wanapelekwa kwa bibi au wanaachiwa katuni, na likizo inakwisha.

Nasema bila kuzunguka: kauli hiyo ni ya uongo, inatudhalilisha, na inatugharimu kuliko hiyo saruji. Kutoka na familia na marafiki kwenda kuiona nchi ni haki ya raia. Kwa mwenye watoto ni sehemu ya malezi, sawa na kuwanunulia madaftari.

Imani hii ina historia, na historia yake si ya kujivunia. Serikali ya kikoloni ilichora mipaka ya mapori, kisha ikaamua nani ahesabiwe mwindaji na nani jangili. Mzungu mwenye leseni na bunduki aliitwa mwindaji. Mwenyeji aliyetega swala kwa ajili ya kitoweo aliitwa jangili na kufungwa. Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti waliondolewa, wakahamishiwa upande wa Ngorongoro. Mwafrika aliyeonekana ndani ya hifadhi alikuwa amebeba mzigo wa mtu, anapika chakula cha mtu, au anakimbia askari. Babu zetu walijifunza kwamba kule ni kwa wenyewe, nao wakatufundisha hivyo.

Lakini Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko Arusha kuhusu wanyamapori. Hili si lile Azimio la Arusha la 1967 ambalo kila mtu analijua. Katika tamko hilo aliahidi kwamba serikali yake itafanya kila iwezalo ili wajukuu wa watoto wetu waje kuufurahia urithi huu. Hesabu vizazi tangu mwaka ule: wajukuu hao ndio walioko darasani leo. Ahadi ilitolewa kwa ajili yao, na wazazi wao ndio wanaowaambia kwamba si yao.

Wapo wanaosema kutazama-tazama mandhari si desturi yetu. Watu wa pwani wangeshangaa kusikia hivyo. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani, akaandika kwa Kiswahili habari za aliyoyaona, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1901. Alikwenda kama mtumishi, lakini macho yalikuwa yake. Sisi leo ni watu huru na tunaona haya kutazama Mikumi.

Tena si kweli kwamba hatupendi. Panda basi la kwenda Iringa au Mbeya. Baada ya Morogoro, barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50. Mtu mmoja tu akisema "tembo!", basi zima linainukia upande mmoja. Mama aliyesinzia tangu Chalinze anamnyanyua mwanawe dirishani: "Unamwona? Yule pale, na mtoto wake!" Simu zinatolewa. Kondakta naye anainama kuchungulia, ingawa njia hiyo anapita kila wiki. Watu waliokaa kimya saa nne nzima wanaanza kuongea kama ndugu. Kisha dereva anakanyaga mafuta, na wote wanarudi kwenye viti vyao wakiamini kwamba utalii si mambo yao. Nairobi nako ni hivyohivyo. Jiji limepakana na hifadhi ya kilomita za mraba 117 iliyoanzishwa mwaka 1946, na reli ya kwenda Naivasha inapita juu ya hifadhi hiyo kwenye daraja refu. Wangapi wamewaona twiga wake kupitia kioo cha treni tu?

Hoja inayorudiwa kuliko zote ni fedha. Tuanze na mlangoni. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, Mtanzania mtu mzima huingia Mikumi kwa shilingi 5,000 na Serengeti kwa 10,000. Mtoto hulipa 2,000, na mwenye umri chini ya miaka mitano haulizwi kitu. Mgeni wa kutoka ng'ambo hulipa makumi ya dola kwa geti lilelile. Kiingilio cha Mikumi hakifiki bei ya kilo moja ya nyama ya ng'ombe kwenye bucha za Dar es Salaam. Anayesema getini hapaingiliki hajawahi kuuliza bei.

Gharama ya kweli ni usafiri na malazi, na hiyo siidharau. Mwenye mshahara wa kima cha chini hawezi kukodi gari la kampuni ya Arusha na kulala kwenye hema lenye bafu la maji moto. Lakini nani kamwambia kwamba ni lazima atembee kama anavyotembea mgeni? Sisi tuna njia yetu, nayo ni mchango. Harusi moja ya mjini huundiwa kamati yenye mwenyekiti na mweka hazina, kadi zinasambazwa, vikao vinakaliwa kila Jumapili, na mamilioni yanapatikana kwa ajili ya ukumbi, mshereheshaji na keki za usiku mmoja. Watu walewale wakichanga sehemu ndogo tu ya fedha hizo, wanapanda treni ya SGR hadi Morogoro, safari zilizoanza Juni 2024, wanapokelewa na Coaster, na kabla ya mchana wako kwenye uwanda wa Mkata. Anayetoa 50,000 kwenye sendofu ya binti wa jirani asiniambie hana uwezo wa kuwaonyesha wanawe kiboko.

Niliwahi kukutana Kaole, kule Bagamoyo, na akina mama wa kikoba kutoka Mbagala. Walikuja na sufuria la pilau lililofungwa kwa kanga, ndoo ya kachumbari, mikeka na watoto. Mwongoza wageni aliwapitisha kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, kisha akawaonyesha nguzo za makaburi na vishimo vyake, akawaeleza kwamba humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Mama mmoja wa makamo aligusa kishimo kwa kidole, akauliza: "Walizinunua kwa fedha gani?" Mwongozaji akaeleza biashara ya pembe za ndovu, boriti na vitambaa. Yule mama akawageukia wenzake: "Kumbe hawa walikuwa matajiri hata kabla Mreno hajaja." Watoto wote walimsikia. Hakuna mtihani wa darasa la saba utakaowapa funzo hilo kwa uzito ule, na siku nzima iliwagharimu nauli, kiingilio na pilau lao wenyewe.

Ipo hoja nyingine yenye heshima zaidi: likizo ni ya kwenda kijijini kusalimia wazee. Ni kweli, na asiyekwenda anakosea. Lakini kuna ubaya gani kupanua safari hiyo kidogo? Anayekwenda kwao Kondoa anazo jirani na kijiji cha Kolo picha za miambani zilizoingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Anayekwenda Tanga hayuko mbali na mapango ya Amboni. Wa Iringa anayo Kalenga, kwenye fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wa Lindi na Mtwara hupita Nangurukuru na kuiacha Kilwa, wakati ng'ambo ya maji, Kilwa Kisiwani, ndiko alikofika Ibn Battuta mwaka 1331, na ndiko lilikosimama jumba la Husuni Kubwa lenye bwawa la pembe nane. Watu wanavuka bahari kuja kuyaona hayo. Sisi tunayapita tukiwahi kufika kabla ya giza.

Jambo linaloniuma zaidi, hata hivyo, haliko kwenye magofu wala kwa wanyama. Angalieni ni lini ukoo hukutana siku hizi: msibani, harusini, arobaini. Mara zote hizo kila mtu ana kazi. Huyu anapika, yule anapokea wageni, mwingine amejifungia chumbani na kamati akihesabu michango. Mabinamu wanaulizana majina wakati jeneza linashushwa. Baba anawaongoza wanawe kwa shangazi wasiyemjua, nao wanampa mkono na kurudi kwenye simu zao. Matembezi ndiyo mkusanyiko pekee usio na jukumu. Kwenye Coaster ya saa tano huna pa kukimbilia: mjomba atasimulia alivyofukuzwa shule, shangazi ataimba, vijana watacheka, na mtoto wa miaka saba atajua kwamba babu yake mdogo ni mcheshi angali hai. Undugu unaolindwa kwa misiba peke yake unakufa pamoja na hao wanaozikwa.

Imani hii inatudhuru pia kama taifa. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa nje zaidi ya milioni 1.5, lakini mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege, wakashuka hadi kama 620,000. Madereva, wapishi, waongozaji na wale wagumu wanaobeba mizigo Kilimanjaro walirudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu sekta nzima ilikuwa imesimama juu ya wageni. Wenye nchi tupo zaidi ya milioni 60, na geti lilikuwa wazi.

Na pale panapotokea mgogoro, tunakuwa mabubu. Tangu mwaka 2022, wakazi wa Ngorongoro walipoanza kuhamishiwa Msomera wilayani Handeni, mjadala umekuwa mkali: kuna wenyeji wenye uchungu, kuna serikali na takwimu zake, kuna mashirika ya nje na ripoti zao. Mwananchi wa kawaida alikaa pembeni. Angesema nini? Hajawahi kusimama ukingoni mwa ile kreta yenye kina cha mita 600 hivi, wala kuona ng'ombe wa Mmasai na pundamilia wakila nyasi za bonde moja. Urithi ambao wengi hatujawahi kuutia machoni utaamuliwa na wachache, na baadaye tutalalamika kwamba hatukushirikishwa.

Wenye mamlaka nao wabebe sehemu yao. Filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022 ilitengenezwa kuwaita wageni, na lengo hilo ni jema. Filamu ya kumwita mkulima wa Mbozi na fundi wa Buguruni iko wapi? Matangazo mengi ya hifadhi zetu ni ya Kiingereza, na picha zake ni za watu wa nje wenye kofia pana. Mtanzania akifika anapokelewa kwa mashaka. Nimewahi kuulizwa na mlinzi wa hoteli moja ya kitalii nimemleta nani. Nilikuwa na mke wangu na watoto. Sikuwa nimemleta mtu, nilijileta mwenyewe. Swali lile lilikuwa la taifa zima, mlinzi alitumwa tu kulitamka. Mamlaka zitangaze kwa Kiswahili redioni, zipange safari za mabasi na treni za bei nafuu kwa Sabasaba, Nanenane na sikukuu za Idi, zijenge mabweni na mabanda ya kulala familia, na ziwafunze wafanyakazi wa getini kwamba raia ndiye mwenye nyumba.

Tusisubiri hayo yatimie, maana kiangazi hakitatungoja. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi hukauka, maji hupungua, na wanyama husogea kwenye mabwawa na mito ambako ni rahisi kuwaona. Julai na Agosti nyumbu huvuka mto Mara kaskazini mwa Serengeti. Msimu ambao watu wa Ulaya na Marekani wanaweka akiba miaka kadhaa ili waufikie huanza na likizo ya watoto wetu.

Kwa hiyo leo jioni fungua lile kundi la WhatsApp la ukoo ambalo hupokea taarifa za misiba tu. Andika jina la mahali, tarehe, kiasi cha mchango kwa kila kaya, na jina la mweka hazina. Chagua pa karibu na penye uwezo wenu: Bagamoyo kwa aliye Dar, Amboni kwa aliye Tanga, Kalenga kwa aliye Iringa. Atakayejibu "kwani sisi wazungu?" mwambie kwamba getini hawaangalii rangi, wanaangalia kitambulisho cha uraia, na mwenye nacho hulipa kwa shilingi. Kisha mwambie achange.