Tuliambiwa ni mtoro

Najua nimepotea, msinishambulie. Nilikuwa nyumbani Bariadi, nikarudi chuo nikakuta test tatu zinanisubiri mlangoni kama wadai. Boom nalo ndio hivyo, mnalijua wenyewe. Leo sina stori za kantini wala za yule lekchara wetu. Leo nina jambo zito kidogo, na wale wanaojua nimeimba kwaya tangu darasa la nne watashangaa limetoka kwangu.

Nina kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ana miaka 36 sasa. Alipokuwa na miaka 13 alipelekwa bweni kwenye shule ya kanisa, siitaji ni ipi, na msiniulize. Ukoo mzima ulichangia, ng'ombe waliuzwa. Kabla mwaka haujaisha akarudi kwa miguu na kwa kudandia malori, hana hata begi. Barua ya shule ikaja nyuma yake ikisema MTORO. Basi. Baba mkubwa alimchapa, bibi akalia, na sisi wadogo tukakua tukimwita hivyo hivyo, mtoro, kama jina la utani. Mimi mwenyewe nimemwita sana.

Likizo hii tulikuwa tumekaa nje tunapanga marobota ya pamba, akaniambia: "Mdogo wangu, hivi umewahi kuniuliza nilikimbia nini?" Sikuwahi. Hakuna aliyewahi. Akaniambia. Sitaandika aliyoniambia, ni yake. Nitasema tu kwamba aliyemfanyia alikuwa anavaa kanzu, na kwamba bibi alipodokezwa kidogo wakati ule alijibu, "Mambo ya altare hayasemwi."

Sasa niwapeni stori nyingine, maana nilipofika chuo sikulala, nilikaa maktaba natafuta kama kuna mtu yeyote hapa Tanzania aliwahi kuhoji haya mambo akajibiwa. Nikakutana na Soni.

Soni mnaijua, ile ya njia ya kupanda Lushoto ukitokea Mombo, yenye maporomoko. Miaka ya 1950 na 1960 palikuwa na shule ya bweni ikiitwa St Michael's, ya watoto wa Wazungu waliokuwa huku enzi za mkoloni, ikiendeshwa na mapadri wa shirika la Warosmini. Watoto pale walipigwa vibaya na baadhi ya mapadri waliwanajisi. Shirika hilo hilo lilikuwa na shule nyingine Uingereza, Grace Dieu, na huko nako ikawa yale yale.

Wale watoto walikaa kimya karibu miaka 50. Wakawa wazee, wametawanyika duniani, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Intaneti ndiyo iliyowakutanisha. Mmoja wa waliotajwa alikuwa Padri Kit Cunningham, ambaye baada ya Soni alikuja kuwa mtu mkubwa London, paroko maarufu wa St Etheldreda's, rafiki wa waandishi wa habari, mwenye nishani ya MBE. Kabla ya kufa aliirudisha ile nishani. Akafa Desemba 2010, magazeti yakamwandikia sifa kibao, na wakubwa wa shirika lake walikuwa wanajua tayari. Juni 2011 BBC ikatoa filamu, mambo yote yakawa hadharani. Shirika likakiri na kuomba radhi. Suala la fidia likawa ngoma nyingine, wanaume 22 wakafungua madai.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa hata kifo hakikumuumbua mara moja, kilisindikizwa kwanza na sifa!

Sasa swali langu, na ndilo lililonifanya niandike. Waliosikika Soni ni watoto wa Wazungu. Walikuwa na mawakili, na BBC, na magazeti ya London. Vizuri sana, haki yao, nawapa pole kwa moyo wote. Lakini wale mapadri waliishi Tanganyika. Walizungukwa na watoto wa Kisambaa, watoto wa wapishi, watoto wa vigango. Mimi sisemi waliwagusa, sina ushahidi na siwezi kusingizia. Nauliza: ni nani alipanda milima ya Usambara kwenda kuwauliza wazee wa pale? Kama imechukua miaka 50 kumsikiliza mtoto wa Mzungu mwenye wakili, mtoto wa mkulima wa pamba wa Bariadi atasikilizwa baada ya miaka mingapi?

Najua mtakachosema, maana rumumeti wangu ameshakisema. Kwamba haya ni mambo ya Wazungu, wanatuletea. Jamani! Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 na serikali pamoja na UNICEF ulikuta mvulana 1 kati ya 7, na wasichana karibu 3 kati ya 10, walishafanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Hapa Tanzania. Waliofanya hivyo si mapadri tu, wala sijasema hivyo, wengi ni ndugu, majirani na watu wengine. Ila kanzu haina dawa ya kuzuia. Na majirani zetu Kenya, 2009 askofu wa Ngong, Cornelius Schilder, alijiuzulu ikasemwa ni afya. 2011 ndipo ikajulikana kwamba alikuwa amepewa adhabu kwa kumnyanyasa kijana wa Kimaasai, na shirika lake la Mill Hill likathibitisha. Waumini walidanganywa miaka miwili, wakawa wanamwombea mgonjwa apone.

Wengine watasema nalichafua Kanisa. Hapana bwana. Mimi nimefundishwa na Kanisa lenyewe. Kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza katekista alitukaririsha mpaka tukaota usiku: utafute dhambi zako, ujute, ukusudie kuacha, uungame, utimize malipizi. Ukiruka moja, hujafanya kitu. Ukiiba kuku wa jirani, padri hakwambii "nenda na amani" halafu kuku abaki kwako. Anakwambia RUDISHA KUKU. Sasa iweje mtoto wa miaka saba adaiwe hatua zote tano, halafu taasisi yenye maaskofu, wanasheria na makabati ya mafaili itosheke na "tunasikitika"? Au na kumhamisha padri parokia, ambako anakuta watoto wengine?

Na hii si sheria yangu niliyoitunga Block B. Mei 2019 Papa Fransisko alitoa waraka, Vos estis lux mundi, akaagiza kila jimbo duniani liwe na njia ya wazi ya kupokea malalamiko haya ndani ya mwaka mmoja, na mapadri na watawa wakapewa wajibu wa kutoa taarifa. Desemba mwaka huo huo akaondoa siri ya kipapa kwenye kesi hizi. Sasa niliporudi nyumbani nilisoma ubao wa matangazo wa parokia moja, siitaji, kuanzia juu mpaka chini. Kuna zaka ya kila jumuiya, nani amelipa nani bado. Kuna ndoa za mwezi. Kuna mchango wa mabati. Jina la mtu wa kumwendea mtoto akiguswa, HAKUNA. Tunajua shilingi ngapi kila jumuiya inadaiwa, hatujui mtoto aseme kwa nani!

Ninachotaka ni kidogo. Moja, kila parokia na kila shule ya kanisa ibandike jina na namba ya simu ya anayepokea taarifa, na awe mlei, ikiwezekana mama. Mbili, mafaili ya zamani yafunguliwe: nani alihamishwa, lini, kwa nini. Tatu, anayelalamika apelekwe polisi, asipelekwe kikao cha wazee. Kosa la jinai hapa kwetu halifi kwa miaka kupita. Ila madai ya fidia kwa madhara kama haya muda wake ni miaka 3 tu, na kwa mtoto huanza kuhesabiwa anapofikisha 18. Maana yake ukifika 21 umechelewa! Wale wazee wa Soni wangekuwa wanadai kwa sheria yetu wangeambiwa warudi nyumbani. Wadau wa sheria humu ndani, hiyo ndiyo ya kuandikia desertesheni, sio kila mwaka mikataba mikataba.

Nilimpigia kaka simu nikamsimulia habari ya Soni. Akanyamaza sana mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akauliza, "Kwa hiyo wao walisubiri hamsini?" Nikamwambia ndiyo kaka. Akasema, "Mimi nina ishirini na tatu tu."

Nikamuuliza anataka nini, fidia? Akacheka kidogo. Anataka ile barua. Anataka shule iandike nyingine kwa baba mkubwa, ambaye bado yuko hai, iseme kwamba mtoto wake hakuwa mtoro.

Karatasi moja na stempu. Tumeanza kuandika maombi, mimi na yeye, nakala itaenda kwa askofu na nyingine polisi. Wakijibu nitawaambia. Wasipojibu pia nitawaambia.

Naomba kuwakilisha. Na kama na wewe kwenu kuna ndugu mnamwita mtoro, mpigie simu leo, muulize alikimbia nini.