Kasongo na Kabambare: Akili bandia inaandika fishi ya muziki, lakini mtoto anajulikana na mwalimu wake

Siku hizi mwalimu wa Kasongo mwenye simu ya Android na mega kidogo anaweza kuomba msaada ambao zamani ulitoka kwa wataalamu wa mbali. Anamwandikia ChatGPT, au msaidizi mwingine wa akili bandia: «Nipangie kipindi cha muziki kwa darasa lenye mtoto asiyesikia, mtoto asiyeona na watoto waliokimbia vita.» Hata dakika moja haiishi, fishi ya matayarisho iko tayari: malengo, vifaa, hatua, muda. Imepangwa vizuri, kwa Kifaransa au hata kwa Kiswahili.

Swali letu ni hili: tukiichukua fishi hiyo jinsi ilivyo na kuipeleka darasani kule Kabambare, itamsaidia nani? Na inaweza kumuumiza nani?

Kwa nini jambo hili linatugusa

Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure. Watoto wengi waliobaki nyumbani zamani waliingia darasani, na kati yao wamo wenye ulemavu. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki zao. Lakini sheria haikuja na mwalimu wa pili. Mwalimu ni yuleyule, peke yake mbele ya mabenchi yaliyojaa, na wengi hawakufundishwa hata siku moja namna ya kufundisha kiziwi.

Upande wa Kabambare kuna mzigo mwingine. Vikundi vyenye silaha, hasa kule Salamabila kwenye dhahabu, vimekimbiza familia mara nyingi. Mtoto aliyesikia risasi usiku anaketi karibu na mwenzake asiyejua risasi ni nini. Mmoja hasemi kitu. Mwingine anaruka mlango ukigongwa.

Na muziki unaweza kusaidia kweli, si mchezo tu. Mwaka 2019, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3000 juu ya sanaa na afya. Hapa jirani, Bukavu, wagonjwa wa hospitali ya Panzi wametunga na kurekodi nyimbo zao katika mpango unaoitwa Healing in Harmony. Utafiti juu ya mpango huo kwa wanawake wa mashambani ya Kivu Kusini ulichapishwa mwaka 2021.

Lakini tuangalie vizuri. Katika mpango ule, mwanasaikolojia anafanya kazi pamoja na fundi wa muziki. Marekani, ambako chuo cha Michigan kilianza kufundisha kazi hii mwaka 1944, mtu anayetaka kutibu kwa muziki anasoma chuo kikuu na kufanya masaa 1200 ya mazoezi. Kwa hiyo kile ambacho mwalimu wetu anaweza kufanya kwa fishi ya simu si matibabu. Ni somo linalotuliza, linalounganisha watoto, linalompa kila mmoja nafasi. Hiyo ni kazi kubwa tayari. Ila tusiipe jina lisilo lake, kwani mzazi akiambiwa «mtoto anatibiwa», hatatafuta tena msaada mwingine.

Pale inapokosea

Akili bandia imejifunza kutokana na maandiko, na sehemu kubwa ya maandiko hayo ni ya Kiingereza, yametoka kwenye nchi zenye shule nyingine kabisa. Ndiyo sababu inapenda kuleta piano, spika, video, na kikundi cha watoto wanane ndani ya chumba kisicho na makelele. Kwetu kuna mabati yanayolia mvua ikinyesha, na darasa la jirani linasikika kama liko humu humu.

Kosa la pili ni nyimbo. Ukiiomba wimbo wa asili wa Wabangubangu au Wazimba, inaweza kutunga maneno na kuyaleta kama ya wazee. Haiwezi kuona haya. Mwalimu asiyetoka eneo hilo ataufundisha, na mtoto ataurudisha nyumbani kwa nyanya yake, ambaye hatauelewa. Nyimbo tunazo: za kulaza mtoto, za kulima, za kaswida na dufu, za kwaya. Zitafutwe kwa mama na babu wa mtaa.

Kosa la tatu ndilo zito. Fishi ikisema «piga ngoma kwa nguvu ghafla ili kuamsha darasa», inaweza kuwa sawa kwa watoto wengine. Kwa aliyekimbia Salamabila, mshindo ule unaweza kumrudisha kwenye usiku ule ule. Vilevile «fumba macho ukumbuke nyumbani kwenu». Maneno matamu, lakini hatari.

Namna ya kuitumia

Dawa si kuikataa simu. Msaidizi huyu anajibu kulingana na alichoambiwa, basi aambiwe hali yetu. Mwalimu aandike: watoto ni wengi, umeme hakuna, vifaa ni bidoni tupu, ngoma moja, vijiti na makofi, kipindi ni dakika thelathini, kuna watoto waliopitia vita, kwa hiyo mishindo ya ghafla isiwemo na mtoto asilazimishwe kusimulia. Jibu litabadilika.

Kisha alipime kwa mambo anayoyajua darasani. Kiziwi anaweza kuufuata mdundo akiweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma na kutazama mikono ya kiongozi. Asiyeona anaweza kuwa yeye mwenyewe kiongozi wa wimbo. Anayegugumia mara nyingi anaimba bila kukwama, basi apewe mstari wa kuimba kabla ya kuombwa kusoma. Anayechelewa kuelewa anahitaji wimbo mfupi, uleule, kwa utaratibu uleule kila siku. Anayeziba masikio aruhusiwe kukaa karibu na mlango. Na mtoto akianza kutetemeka au kulia, wimbo unasimama. Fishi inangoja.

Wazazi nao waulizwe. Kasongo ni mji wa misikiti na makanisa, na kuna familia zisizopenda ala fulani za muziki. Sauti na makofi vinaweza kutosha, bila ugomvi.

Siri ya mtoto

Kuna jambo moja ambalo walimu wengi hawalifikirii. Yale tunayoandika kwa msaidizi huyu yanasafiri hadi kompyuta za kampuni za nje. Jina la mtoto, kijiji chake, yaliyompata mama yake: hayo yasiandikwe kabisa. Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali, ordonansi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za mtu binafsi. Na hata bila sheria, katika maeneo ambako wenye silaha wanajuana na raia, habari ya mtoto mmoja inaweza kuiweka familia nzima hatarini. Inatosha kuandika «mtoto wa miaka tisa asiyesema».

Kazi ya wakubwa

Tatizo letu kubwa si simu. Mwalimu ananunua mega kwa mshahara wake, rezo ikipatikana. Akishagundua kwamba mtoto ameumia moyoni, ampeleke wapi? Hilo akili bandia haiwezi kulijibu. Wakaguzi wa masomo wa Kasongo na Kabambare wanaweza kuanza na kitu kidogo: kukusanya walimu, kupitia fishi hizi pamoja, kuondoa makosa, na kuzichapa kwenye karatasi kwa shule zisizo na rezo. Na kanda za afya zitaje wazi, kwa kila eneo, muuguzi gani anapokea mtoto wa namna hiyo na siku gani.

Mzazi mwenye mtoto anayeshtuka usiku asingoje mkutano huo. Aende kwa mwalimu, amwambie ni sauti gani inamtisha mtoto. Habari hiyo hakuna simu inayoijua.