Mkulima na fosfeti ya Minjingu

Naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa, lakini mahindi hayawezi kuitumia moja kwa moja, kwa kuwa atomi zake mbili zimeshikana mno. Viwanda huzitenganisha kwa joto na mgandamizo mkubwa, ikapatikana amonia, kisha urea.

Fosforasi, inayoifuata naitrojeni katika kundi lake la jedwali la elementi, huchimbwa miambani. Tanzania inayo fosfeti Minjingu, mkoani Manyara, iliyotokana na kinyesi na mabaki ya ndege wa ziwa la kale.

Mbona basi mkulima mwenye udongo wa tindikali asubiri DAP, mbolea ya fosfeti inayoletwa kwa meli? Kwenye udongo huo, mwamba uliosagwa huyeyuka taratibu na kulisha mizizi. Penye magadi hausaidii sana, kwa hiyo maofisa ugani wapime udongo kwanza, ndipo wataje mbolea.