Bingwa apimwe kwa aliowafundisha

Siku hizi daktari bingwa anapitisha kamera nyembamba puani na kutoa uvimbe chini ya ubongo bila kufungua fuvu. Safi sana. Ila mgonjwa wa Bunda anapata nini ujuzi ukiishia kwenye majarida ya utafiti?

Mwaka 2006, Haydom kule Manyara, Dilan Ellegala kutoka Marekani alimfundisha daktari msaidizi, Emmanuel Mayegga, upasuaji wa ubongo. Mayegga naye akamfundisha mwenzake. Wapo watakaosema ni hatari. Kweli, lakini kufia njiani ukimfuata bingwa Dar ni hatari zaidi.

Butiama ilitupa Mwalimu, na sisi tunasomea ualimu. Basi bingwa akija Musoma tumuulize: ukiondoka, unamwacha nani anayeweza?